Kutafuta Mtoto Ukiwa na Hali ya Turner: Mwongozo kwa Wanawake wa Unguja na Pemba

Mwanamke aliyeambiwa na daktari kwamba ana hali ya Turner huuliza swali moja kabla ya mengine yote, nalo ni kama atapata mtoto. Nimefanya kazi ya ukunga Pemba kwa miaka mingi, na naijua namna swali hilo linavyoulizwa: kwa sauti ya chini, mama mzazi akiwa pembeni, na mara nyingi mchumba hajaambiwa kitu. Jibu lake lipo, na nitalieleza kwa kirefu. Hata hivyo, nawaomba wanaonisoma waliweke nyuma ya swali jingine ambalo huulizwa na wachache, nalo ndilo linalookoa roho: je, moyo wa mwanamke huyu, na hasa mshipa mkuu utokao moyoni, unaweza kuubeba ujauzito? Mwongozo huu unafuata utaratibu huo.

Ijulikane kwanza ni hali gani

Kwa kawaida kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, na mbili kati yake ndizo za jinsia. Mwanamke huwa na X mbili. Katika hali ya Turner, X moja haipo kabisa, au ipo lakini imekatika, au baadhi ya seli zina X mbili ilhali nyingine zina moja tu, na aina hii ya mwisho tutaiita mchanganyiko kwa sababu ndiyo yenye tofauti kubwa katika suala la uzazi. Hali hii hupatikana kwa takriban mtoto mmoja kati ya kila watoto wa kike 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa hai. Otto Ullrich wa Ujerumani alimweleza msichana mwenye dalili zake mwaka 1930, Henry Turner wa Marekani akawaeleza wengine mwaka 1938, na mwaka 1959 wataalamu wa Uingereza wakathibitisha kuwa chanzo chake ni upungufu wa kromosomu X. Haitokani na jini mahaba, wala hasadi, wala radhi za wazazi, wala chochote alichokula au kukifanya mama alipokuwa mjamzito. Sina ugomvi na kisomo wala na kombe, na atakayetaka kusomewa asomewe. Kinachoniuma ni miaka minne au mitano ambayo binti hupelekwa kwa waganga huku mifupa yake na tumbo lake la uzazi vikikosa homoni ambayo dawa ya kawaida ingempatia.

Binti mwenye hali hii huwa mfupi kuliko dada zake, na asipotibiwa mara nyingi hufikia urefu wa takriban sentimita 145. Wengine wana shingo pana yenye mikunjo ya ngozi pembeni, nywele za kisogoni zilizoshuka chini, viwiko vilivyopinda kwenda nje, au waliwahi kuvimba viganja na nyayo walipozaliwa. Wapo ambao hawana dalili yoyote zaidi ya ufupi na kutovunja ungo. Kwa hiyo kipimo cha mama na cha somo kiwe hiki: binti aliyetimiza miaka 13 bila matiti kuanza kuota, au miaka 15 bila kuona siku zake, apelekwe hospitali, asisubiri kuambiwa kwamba kwao huchelewa.

Hospitalini omba kipimo cha kromosomu kinachofanywa kwa damu, ambacho huchunguza seli zisizopungua 30 ili mchanganyiko usipite bila kuonekana, na pamoja nacho kipimo cha homoni iitwayo FSH, ambayo hupanda sana pale vifuko vya mayai vinaposhindwa kufanya kazi. Uliza mapema sampuli itapelekwa wapi, majibu yatarudi baada ya muda gani na gharama ni ya nani, kisha chukua nakala ya majibu yenyewe, usitosheke na maneno ya mdomo. Kama majibu yanaonyesha kuwapo kwa sehemu ya kromosomu Y, jambo linalotokea kwa wachache, vifuko hivyo vinaweza kuota uvimbe, na kwa kawaida madaktari hushauri viondolewe. Hilo halimfanyi mtu kuwa mwanamume, na halibadilishi chochote katika uanamke wake.

Kuna pia wanawake wenye X tatu, takriban mmoja kati ya kila 1,000. Wengi wao hushika mimba na kujifungua kama wengine bila hata kujua kwamba wana X ya ziada, ingawa baadhi hukoma hedhi mapema kuliko kawaida. Mwenye X tatu anayetaka watoto asicheleweshe bila sababu, na zaidi ya hapo mengi ya mwongozo huu hayamhusu.

Kuliandaa tumbo la uzazi

Msichana mwenye hali ya Turner huanza maisha tumboni mwa mama yake akiwa na mayai, lakini mayai hayo hufa kwa kasi kubwa, na mara nyingi yanakuwa yamekwisha kabla ya umri wa kuvunja ungo. Tumbo la uzazi lenyewe lipo. Hubaki dogo kwa kukosa homoni ya estrojeni, na ikipatikana hukua. Ndiyo maana estrojeni huanzishwa mtoto akiwa na miaka 11 au 12, kwa kiwango kidogo kinachopandishwa polepole kwa miaka miwili hadi minne, kisha huongezwa projesteroni ili tumbo liwe linajisafisha kwa kutoka damu. Aliyechelewa kugunduliwa huanza pale alipo. Dawa huendelea hadi umri ambao wanawake wengine hukoma hedhi, karibu miaka 50, kwa sababu pamoja na uzazi inalinda mifupa. Ikikosekana estrojeni ya kubandika kwenye ngozi au vidonge vyake maalumu, daktari huweza kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni zote mbili, na hapa lazima jamaa waelezwe vizuri, maana nimeona wakwe waliokasirika kwa kukuta pakiti ya vidonge hivyo kwenye mkoba wa bibi harusi na kudhani anazuia mimba, ilhali alikuwa anatumia dawa yake. Mwezi wa Ramadhani kidonge cha mara moja kwa siku kinaweza kuliwa wakati wa daku au baada ya futari, na hakuna sababu ya kukiacha mwezi mzima.

Moyo upimwe kabla ya nia, si baada ya mimba

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kitako. Wanawake wengi wenye hali ya Turner wana kasoro ya moyo au ya mishipa waliyozaliwa nayo. Iliyo kubwa kwa idadi ni vali ya aota, yaani mlango wa kupitisha damu, kuwa na vipande viwili badala ya vitatu, na nyingine ni aota kubanwa sehemu moja. Aota ndiyo mshipa mkuu unaobeba damu yote itokayo moyoni kwenda mwilini. Ukuta wake, kwa wanawake hawa, unaweza kuwa dhaifu hata kama vali ni nzima. Ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, moyo husukuma kwa nguvu zaidi, presha nayo huweza kupanda, na mshipa uliokwisha kutanuka unaweza kuchanika ghafla. Tukio hilo huweza kuua kwa muda wa saa chache. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikusanya mimba 101 za wanawake wenye hali ya Turner waliopandikizwa mayai ya wengine, na ukakadiria hatari ya kifo kuwa asilimia 2 au zaidi; jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba takriban nusu tu ya wanawake hao walikuwa wamepimwa moyo kabla ya kupandikizwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mimba kwa njia yoyote, mwanamke afanyiwe kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho wengi wanakiita eko, na tena picha ya MRI au siti skani ya kifua, ambayo huonyesha sehemu za aota ambazo eko haizifikii. Picha hizo ziwe hazijapita miaka miwili. Daktari wa Mkoani au Chake Chake akikupa rufaa ya Mnazi Mmoja, au ya kuvuka hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, usione kuwa ni kuzungushwa. Najua nauli ya boti, malazi na kipimo chenyewe vinaweza kumaliza fedha ya msimu mzima wa karafuu. Hata hivyo, kwa upande wangu naona ni afadhali fedha hiyo itumike hapa kuliko mahali pengine popote katika safari hii.

Ukishapewa majibu, usiishie kwenye neno kawaida. Nimekutana na mama mmoja mfupi aliyeandikiwa kwamba aota yake ina upana wa milimita 34 na kwamba hiyo ni kawaida, na kwa mwanamke mrefu ingekuwa kweli. Kwa wenye hali ya Turner upana huo lazima ulinganishwe na ukubwa wa mwili. Hesabu yake inafanyika hivi: zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili, ambacho hata kikokotoo cha simu kinakitoa. Mwanamke wa sentimita 145 na kilo 48 anapata mita za mraba 1.39. Gawanya 34 kwa 1.39, na jibu ni 24.5. Mwanamke wa sentimita 165 na kilo 65, mwenye aota ya milimita 34 ile ile, anapata 19.7. Mwongozo wa kimataifa wa kutunza wenye hali ya Turner, uliochapishwa mwaka 2017, ulishauri mimba iepukwe pale jibu linapozidi 25, na vilevile linapokuwa kati ya 20 na 25 iwapo kuna jambo jingine la hatari kama presha ya kupanda, vali ya vipande viwili au aota iliyobanwa. Mama yule alikuwa na presha, kwa hiyo neno kawaida lilikuwa linampeleka pabaya. Ichukue hesabu yako kwa daktari wa moyo na umwombe aithibitishe, kwa kuwa uamuzi ni wake na wako, wala si wa karatasi.

Siku hiyo hiyo ya vipimo, omba pia kuangaliwa presha, sukari, ini, figo na homoni ya tezi ya shingo, kwa sababu tezi kulegea, kisukari na figo zilizoungana ni mambo yanayoonekana mara kwa mara katika hali hii, na karibu yote yanatibika au kudhibitika yakijulikana mapema.

Ambaye ameambiwa moyo wake hauwezi, na huku anaona siku zake, ajue kwamba anaweza kushika mimba bila kutarajia, na kwa hiyo anahitaji uzazi wa mpango uliochaguliwa na daktari. Ni neno zito kwa mke kijana, nami silisemi kwa wepesi.

Njia za mimba zilizopo

Takriban mwanamke mmoja kati ya 20 wenye hali ya Turner hushika mimba yeye mwenyewe bila msaada wa kitaalamu, na wengi wa hao ni wale wa mchanganyiko ambao walivunja ungo wenyewe. Ukiwa miongoni mwao, mayai yako yana muda mfupi. Usiahirishe hadi umalize nyumba au upate kazi ya serikali. Ujue vilevile kwamba mimba nyingi zaidi katika kundi hili huharibika, na kwamba mtoto anaweza kuwa na kasoro ya kromosomu, kwa hiyo ni vyema kukaa na mshauri wa mambo hayo kabla. Baadhi ya wasichana wa mchanganyiko wanaweza kuvunwa mayai na kugandishwa wakingali wadogo; huduma hiyo haipatikani kila mahali na bei yake ni kubwa, lakini muulize daktari kabla miaka haijapita.

Waliobaki, ambao ndio wengi, hawana mayai yao. Kitabibu njia iliyopo ni yai la mwanamke mwingine kurutubishwa kwa mbegu za mume na kupandikizwa katika tumbo lililoandaliwa kwa homoni. Hapa kwetu, ambako karibu kila nyumba ni ya Kiislamu, swali la sharia hutangulia la hospitali. Sheikh Jad al-Haq wa Misri alitoa fatwa mwaka 1980, miaka miwili baada ya kuzaliwa Uingereza mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo, akiruhusu njia hiyo kwa mume na mke walio ndani ya ndoa kwa yai na mbegu zao wenyewe, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Amman mwaka 1986 lilishika msimamo huo huo. Yai la mtu wa tatu lilikatazwa, na azimio lile lilizuia hata mimba ya mke mmoja kupandikizwa kwa mke mwenzake. Nalitaja hili makusudi, kwa sababu nimeshasikia familia ikipanga kwamba mke wa pili atoe yai kwa wa kwanza, wakidhani kuwa mume akiwa mmoja jambo huwa jepesi. Mashia Ithnaasheri wana fatwa zinazotofautiana juu ya suala hili, na kila mmoja amrejee marja wake, yaani mwanazuoni mkuu anayemfuata. Wakristo wazungumze na kanisa lao. Usiingie kliniki yoyote, iwe Dar es Salaam au Nairobi, kabla hujamaliza mazungumzo hayo na mumeo, na mkifika ombeni kiinitete kimoja tu, yaani yai moja lililokwisha kurutubishwa, kipandikizwe, kwa sababu mapacha huuongezea moyo mzigo.

Kuhusu mchumba, rai yangu ni kwamba aelezwe kabla ya nikaha, na aelezwe na mtu anayeijua hali yenyewe, ikiwezekana daktari au mkunga, binti akiwapo. Nimewaona mabwana waliosikia mapema wakatulia na kuwa wasaidizi wakubwa, na nimewaona wanandoa waliofika kwa kadhi kwa sababu ya kufichana, ingawa ugonjwa wenyewe haukuwa wa kuwafarakanisha.

Ukishapata mimba

Iwe ni mimba uliyoishika mwenyewe au ya kupandikizwa, nenda kliniki mara tu kipimo kinapoonyesha, na sema jina la hali yako liandikwe kwa wino kwenye kadi, ukurasa wa mbele. Usikubali kuhudumiwa kituo cha afya peke yake. Mimba hii inahitaji daktari wa wanawake na daktari wa moyo wanaowasiliana.

Presha ipimwe kila unapohudhuria na nyumbani pia kama mnaweza kununua mashine, na lengo ni isivuke 135 kwa 85. Dawa kama methildopa, nifedipini na labetalol hutumika katika ujauzito. Enalaprili na losatani hazifai kwa mtoto, na aliyekuwa akizitumia abadilishiwe na daktari kabla ya kushika mimba. Kwa kuwa kifafa cha mimba huwapata wanawake hawa zaidi kuliko wengine, muulize daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo kuanzia wiki ya 12. Eko irudiwe walau mara moja karibu na wiki ya 20 kama aota haijatanuka, na kila baada ya wiki nne hadi nane kama imetanuka au kama kuna presha. Sukari ipimwe.

Maumivu makali ya ghafla kifuani, au katikati ya mabega, yanayohisiwa kama kitu kinachanika, si gesi wala si vichomi vya mimba. Usikandwe, usipewe tangawizi; kimbizwa hospitali saa hiyo hiyo na aliyekusindikiza aseme kwa sauti: ana hali ya Turner, tunaogopa aota.

Wanawake wengi katika hali hii hujifungua kwa upasuaji, kwa kuwa nyonga huwa ndogo, na kwa wengine kwa ajili ya kuulinda mshipa. Wakaazi wa Pemba wapange wapi watajifungulia mapema, na binafsi ningependa mama awe ameshavuka kwenda kukaa kwa jamaa Unguja au Dar es Salaam kabla ya wiki ya 32, hasa miezi ya kusi ambapo bahari ya Nungwi huchafuka. Hatari ya aota haimaliziki kwa kukatwa kitovu. Wiki na miezi ya mwanzo baada ya uzazi bado ni ya kuangaliwa, kwa hiyo eko irudiwe, na vidonge vya presha visiachwe kwa sababu mama yuko ndani ya arubaini na wageni ni wengi.

Kulea

Kwa yule ambaye moyo umekataa, au sharia imemfungia mlango wa yai la mwingine, ipo njia ambayo visiwa hivi vinaijua tangu zamani, ya kupewa mtoto wa ndugu. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kumbadilisha nasaba, na kuanzia Ustawi wa Jamii kunakupa hati ya kumsajilia mtoto skuli na kumtibu bila mabishano. Mtoto hubaki na jina la baba yake, kama inavyoelekeza aya ya 5 ya Surat Al-Ahzab. Jambo linalowasumbua wengi ni stara atakapobaleghe. Ukimchukua mtoto wa kiume asiye wa damu yako, dada yako anayenyonyesha amnyonyeshe mara tano kamili kabla hajatimiza miaka miwili, kama wasemavyo wanazuoni wa Kishafii, nawe utakuwa mama yake mdogo au mkubwa wa kunyonya, maharimu wake. Akiwa wa kike, anyonyeshwe na dada wa mumeo, ili mumeo awe mjomba wake. Mkae na sheikh mpate uhakika, na siku za kunyonyesha ziandikwe na mashahidi wakiwapo, kwa sababu miaka 15 baadaye ndipo mtu atakapouliza.